Dakika za Mchezo ni za Nani?

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars ya Tanzania walikutana na Chipolopolo ya Zambia mjini San Pédro, Ivory Coast, katika hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Tunduma, upande wa Tanzania wa mpaka, mechi ilianza saa 2 usiku. Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilianza saa 1. Tanzania hufuata saa za Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Kampala, Zambia hufuata saa za Afrika ya Kati pamoja na Lubumbashi na Harare, na mstari unaozitenga saa hizo unapita hapa hapa, katikati ya malori, wabadilisha fedha na bodaboda. Dereva anayepeleka mzigo Kasumbalesa hupewa saa moja ya ziada anapovuka, na akirudi hunyang'anywa.

Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Tangu Tanzania icheze fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1980, ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja, na sasa ilikuwa mbele kwa bao moja na kwa mtu mmoja. Katika vibanda umiza vya Tunduma watu walitaka dakika zikimbie. Nakonde walitaka zisimame. Dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha kwa kichwa, na mechi ikaisha 1-1.

Wenye umri waliikumbuka Ndola mwaka 1979. Tanzania ilikwenda huko ikiwa na ushindi wa 1-0 wa Dar es Salaam, Zambia ikatangulia kufunga, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo tiketi ya Lagos ilivyozidi kuning'inia. Zikiwa zimebaki dakika chache, Peter Tino akasawazisha. Tanzania ikafuzu fainali za 1980, na ikasubiri miaka 39 kabla ya kufuzu tena.

Mechi zote mbili ziliamuliwa mwishoni, na kila shabiki anajua kwamba mwishoni ndipo dakika za mpira huanza kuibiwa. Kipa hulala na mpira tumboni. Beki hushika msuli ambao haukuwa na shida alipokuwa akikimbia. Anayetolewa nje huaga wenzake mmoja mmoja kama anayesafiri kwenda ng'ambo. Historia ya michezo ya kulipwa, ukiitazama kwa upande huu, ni historia ya ugomvi mmoja mrefu: dakika za mchezo ni mali ya wanaocheza, au ya waliokuja kutazama?

Mwanzoni mpira wa miguu haukuwa na dakika zozote. Sheria zilizoandikwa London mwaka 1863 hazikusema mechi idumu kwa muda gani. Timu zilipatana kila zilipokutana. Tarehe 31 Machi 1866, London ilipocheza na Sheffield katika bustani ya Battersea, walikubaliana kuanza saa 9 alasiri na kumaliza saa 10 na nusu. Dakika tisini zikatokea hapo, kwa mapatano ya barua. Ilifika mwaka 1897 ndipo muda huo ukaingia rasmi katika kitabu cha sheria.

Wizi haukusubiri hata mwaka huo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1891 Stoke, ikiwa nyuma kwa 1-0 dhidi ya Aston Villa, ilipewa penalti zikiwa zimebaki dakika mbili. Kipa wa Villa akaupiga mpira nje kabisa ya uwanja. Ulipopatikana, dakika tisini zilikuwa zimekwisha, na penalti haikupigwa. Kutokana na kisa hicho mwamuzi akaruhusiwa kuongeza muda. Kila dakika ya nyongeza tunayoisubiri leo, ile ambayo watangazaji wetu waliizoesha masikio yetu kwa jina la dakika za majeruhi, ina asili yake katika hila ya namna hiyo.

Upande wa pili wa bahari, Wamarekani walikuwa na mchezo ambao haukutaka saa kabisa. Besiboli huchezwa kwa zamu tisa. Katika kila zamu, timu moja hupiga mpira kwa gongo mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kisha nyingine hupiga. Hakuna filimbi ya mwisho. Timu iliyo nyuma haiwezi kufungwa na muda. Ina haki ya kupiga mpaka mtu wake wa mwisho atolewe. Wapenzi wa mchezo huo wanaisifia sana sifa hiyo, na wana haki, kwa kuwa ni njia safi ya kumzuia anayeongoza asijifiche nyuma ya saa.

Na kwa muda mrefu haukuwa mchezo wa kuchosha. Tarehe 28 Septemba 1919, New York Giants waliifunga Philadelphia 6-1 zamu zote tisa zikiwa zimechezwa kwa dakika 51. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 1920, Brooklyn na Boston walitoka sare ya 1-1 baada ya zamu 26, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena katika ligi kuu ya Marekani. Leon Cadore alirusha mipira yote ya upande mmoja na Joe Oeschger yote ya upande mwingine. Zamu hizo 26 zilichukua saa 3 na dakika 50.

Miaka 101 baadaye, katika msimu wa 2021, mechi ya kawaida ya zamu tisa ilikuwa ikichukua wastani wa saa 3 na dakika 10. Zamu tisa sasa zilikaribia muda ambao wachezaji wa 1920 walitumia kucheza zamu 26. Urefu si tatizo. Mechi ya Cadore na Oeschger ilikuwa ndefu kwa sababu mambo yaliendelea kutokea. Mechi ya 2021 ilikuwa ndefu kwa sababu mambo hayakutokea.

Muda ulikwenda wapi? Ulimegwa kidogo kidogo, na kila aliyemega alikuwa na sababu. Redio na baadaye televisheni zilihitaji nafasi ya matangazo ya biashara kati ya zamu. Makocha walijifunza kubadilisha warushaji mara nyingi, na kila mrushaji mpya alitakiwa kutembea hadi katikati ya uwanja na kupasha mkono. Warushaji walijifunza kwamba ukipumzika zaidi kati ya mpira na mpira, unarusha kwa nguvu zaidi. Wapigaji nao wakaanza kutoka sehemu yao ya kusimama baada ya kila mpira, wakafungua glavu, wakazifunga, wakapangusa jasho. Miaka ya sabini na themanini alikuwepo mpigaji Mike Hargrove, aliyekuwa na mlolongo mrefu wa kujishikashika kabla ya kila mpira hata akabatizwa jina la mvua iliyogeuka mtu, maana katika besiboli kinachosimamisha mchezo kwa kawaida ni mvua. Mwaka 2013 gazeti la Wall Street Journal lilipima kwa saa ya mkononi na kuona kwamba ndani ya mechi nzima ya saa tatu, muda ambao kitu kilikuwa kikitendeka uwanjani ulikuwa dakika 18 hivi.

Kilele cha mchezo usio na mwisho kilikuwa Pawtucket, mji mdogo wa Rhode Island, usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 18 Aprili 1981. Pawtucket Red Sox walicheza na Rochester Red Wings katika ligi ya daraja la chini. Ilikuwepo kanuni ya kusimamisha mechi usiku ukiwa mkubwa, lakini katika nakala aliyokuwa nayo mwamuzi kanuni hiyo haikuwemo. Basi wakacheza. Baridi ilikuwa kali, wachezaji wakachoma magongo yaliyovunjika ili waote moto. Amri ya kusimamisha, iliyoletwa kwa simu, ilipotekelezwa, ilikuwa saa 10 na dakika 7 alfajiri, zamu 32 zilikuwa zimechezwa, na majukwaani walikuwa wamebaki watu 19. Mechi iliendelezwa tarehe 23 Juni na ikamalizika kwa dakika 18 tu, Pawtucket wakishinda 3-2. Jumla ilikuwa saa 8 na dakika 25. Vijana wawili waliocheza usiku ule, Wade Boggs na Cal Ripken, baadaye waliingia katika jumba la heshima la mchezo huo. Ningependa zaidi kujua habari za wale 19.

Afrika nayo ina kisa chake. Mwezi Machi 1939, mjini Durban, Afrika Kusini na Uingereza walicheza kriketi iliyokubaliwa kuwa haina kikomo: ingechezwa mpaka mshindi apatikane. Ilianza tarehe 3. Tarehe 14 Waingereza walikuwa na pointi 654 kati ya 696 walizohitaji, mvua ikanyesha, na timu ikalazimika kukimbilia treni ili iwahi meli yake Cape Town. Ikaandikwa sare. Baada ya hapo kriketi ya namna hiyo haikuchezwa tena kati ya mataifa.

Mpira wa miguu, wenye saa yake, ulikuwa na ugonjwa wa aina nyingine, na walioumizwa zaidi mbele ya dunia nzima walikuwa Waafrika. Katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikafungwa na Austria, kisha ikaifunga Chile 3-2 tarehe 24 Juni. Siku iliyofuata Ujerumani Magharibi na Austria walikutana Gijón huku wakijua hesabu zote: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita na Algeria inatoka. Horst Hrubesch wa Ujerumani alifunga mapema, dakika kumi na kidogo tangu mechi ianze. Zilizobaki, karibu dakika themanini, zilikuwa za kupasiana nyuma. Mashabiki wa Algeria waliokuwa uwanjani walipunga noti za fedha hewani. Hakuna sheria iliyovunjwa, na malalamiko ya Algeria yakatupwa. Kilichobadilika ni ratiba: tangu fainali za 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Miaka minane baadaye, nchini Italia, Misri na Ireland walitoka 0-0 mjini Palermo katika mechi ambayo Wamisri walirudisha mpira kwa kipa wao mara kwa mara naye akaushika kwa mikono. Safari hii Mwafrika ndiye aliyekuwa akila muda, na Ireland nayo ilifanya yale yale katika michezo yake. Fainali zile zote za 1990 zilijaa uzito wa namna hiyo, na mwaka 1992 sheria ikakataza kipa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Waliozaliwa baadaye hawajui namna mechi ilivyoweza kufia mikononi mwa kipa.

Zambia inaingia tena katika historia hii tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Kameruni. Mwamuzi Mzambia Janny Sikazwe, mmoja wa waamuzi wakubwa wa bara hili, aliyechezesha fainali ya AFCON ya 2017, alikuwa na mechi ya Tunisia na Mali. Mali ilikuwa ikiongoza 1-0. Dakika ya 85 Sikazwe akapiga filimbi ya mwisho. Akakumbushwa, mchezo ukaendelea. Kabla dakika ya 90 haijatimia, akapiga tena, bila kuongeza hata sekunde. Benchi la Tunisia likavamia uwanja. Baadaye waandalizi waliagiza mechi imaliziwe. Mali wakarudi uwanjani, Tunisia wakakataa, na matokeo yakabaki 1-0.

Dunia ilimcheka. Ukweli ni kwamba Sikazwe alikuwa amepigwa na joto kali lililochanganyika na unyevunyevu wa pwani, akapelekwa hospitali, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliponea chupuchupu. Kwangu kisa hicho kinafichua jambo ambalo kicheko kililifunika: muda wa mechi nzima, wenye hatima ya mataifa mawili, ulikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyekuwa akikimbia juani. Mwezi Novemba mwaka huo huo alikuwa Qatar, akichezesha Ubelgiji na Kanada katika Kombe la Dunia.

Na Qatar ndiko saa ilikoanza kusahihishwa. Chini ya Pierluigi Collina, mkuu wa waamuzi wa FIFA, waamuzi waliagizwa kuhesabu kila kilichopotea: majeruhi, mabadiliko ya wachezaji, shangwe za mabao, picha za VAR. Uingereza ilipocheza na Iran tarehe 21 Novemba 2022, nyongeza ya vipindi viwili ilifika dakika 27 hivi. Watu wakashtuka. Lakini dakika hizo hazikuzaliwa Qatar. Zilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyezirudisha. Katika Ligi Kuu ya England msimu wa 2022/23, mpira ulikuwa ukichezwa kweli kweli kwa wastani wa dakika 55 tu.

Besiboli iliamua kwa ukali zaidi. Kitabu chake cha sheria kilikuwa tayari kinamtaka mrushaji arushe ndani ya sekunde 12 ikiwa hakuna mkimbiaji wa upande wa pili kwenye besi. Hakuna mwamuzi aliyezihesabu. Saa ya kuonekana ilijaribiwa katika ligi za vijana na za daraja la chini kuanzia 2014 na 2015, na mwaka 2023 ikaingia ligi kuu: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 20 kukiwa na mkimbiaji. Mrushaji akichelewa, mpinzani anapewa mpira mmoja bure. Mpigaji akichelewa, anahesabiwa amekosa. Wazee wa mchezo walisema roho ya besiboli imeuawa. Mechi zikashuka kutoka wastani wa saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 hadi saa 2 na dakika 40. Mabao hayakupungua. Watazamaji viwanjani waliongezeka. Kilichotoweka ni glavu kufunguliwa na kufungwa.

Sisi tuko wapi? Besiboli yenyewe ipo Tanzania, imeletwa na Wajapani katika muongo wa 2010 na kuchezwa zaidi shuleni, ikiwemo Azania ya Dar es Salaam, lakini ugomvi wetu wa muda uko kwenye soka. Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha tarehe 8 Mei 2021. Mechi ya Simba na Yanga ilipangwa saa 11 jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku ile ile ikatangazwa kwamba imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakasema kanuni inataka taarifa ya saa 24. Wakaingia uwanjani saa 11 na kuondoka. Simba wakafika kwa saa mpya. Mechi haikuchezwa. Ilichezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakishinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya.

Mabishano ya wiki zile yalihusu kanuni, pointi na nani aadhibiwe. Kidogo sana kilisemwa kuhusu watu waliokuwa wameketi majukwaani tangu mchana, waliotoka mikoani kwa mabasi ya usiku. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni safari ya kilomita zaidi ya 900. Aliyesafiri hivyo, kisha akatazama nyasi tupu mpaka usiku, alipoteza kitu ambacho hakuna kamati iliyokaa kukijadili.

Watu wa mpakani wanaelewa vizuri tofauti kati ya muda mrefu na muda unaopotezwa. Foleni ya malori ya Tunduma imekuwa ikifika mbali, na dereva hatakulalamikia urefu wa barabara ya kwenda Kongo; atakulalamikia siku alizokaa bila kujua lini atavuka. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa rasmi na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, kilijengwa kwa kusudi hilo: lori likaguliwe mara moja badala ya kukaguliwa upande huu na kurudiwa upande ule.

Katika viwanja vya mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, suluhisho la Qatar si rahisi kuletwa. Hakuna VAR wala chumba cha kuhesabu sekunde. Songwe United, iliyocheza ligi ya Championship msimu wa 2024/25, ilikutana na timu ambazo nyingine zilipambana hata kupata nauli. Katika mashindano ya mitaa, mwamuzi ana filimbi na saa ya mkononi, na mwenye kupoteza muda analijua hilo. Anajua pia kwamba kadi ya njano dakika ya 89 ni bei ndogo kwa dakika tatu za uongo.

Kwa hiyo badiliko ninaloliona kuwa na maana zaidi kwetu ni lile dogo la msimu wa 2025/26. Sheria ya zamani ilimpa kipa sekunde sita za kushika mpira, na adhabu ilikuwa pigo lisilo la moja kwa moja ndani ya eneo la penalti, adhabu nzito hata waamuzi wakaogopa kuitoa. Kipa akakaa na mpira sekunde 15, 20, na hakuna lililotokea. Sasa amepewa sekunde nane, na akizidisha, wapinzani wanapata kona. Sekunde tano za mwisho mwamuzi anainua mkono na kuzihesabu kwa vidole, kila mtu akiona: kipa, kocha, na mtoto aliyekaa juu ya baiskeli pembeni ya uwanja. Hakuna umeme unaohitajika, wala kamera, wala bajeti ya Bodi ya Ligi. Mwamuzi wa Vwawa, hapa Songwe, anaweza kuifanya Jumamosi hii kama anavyoifanya mwenzake wa Madrid, na mwaka 2027, AFCON itakapochezwa Tanzania, Kenya na Uganda, shabiki wa Tunduma atakayesafiri hizo kilomita 900 ataweza kuhesabu pamoja naye.